Nilipata B ya Kiswahili bila kumwona Mwajuma (uzi wa riwaya, filamu na watu wetu)

Mtoro wa HKL

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamnunia.

Mimi ni mwanachuo mwaka wa tatu, nasoma uhasibu, kwa hiyo fasihi siku hizi naigusa kwa wizi. Ila kidato cha tano na cha sita nilikuwa HKL, ule mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, na mliopita huko mnajua tulivyoishi. Riwaya zetu Vuta N'kuvute, Mfadhili, Usiku Utakapokwisha, Kufikirika. Kitabu unapewa lakini husomi, kwanza unatafuta fotokopi ya uchambuzi iliyoachwa na waliokutangulia. Humo kila kitu kimeshakatwakatwa kama nyama ya mishikaki: dhamira, ujumbe, migogoro, nafasi ya mwanamke. Nafasi ya mwanamke nayo ina mafungu yake: mwanamke kama chombo cha starehe, kama mlezi, kama jasiri, kama msaliti. Kazi yako kujaza majina. Wale wa Vuta N'kuvute, Yasmin unamweka hapa, rafiki yake Mwajuma pale, unapiga mstari, unakwenda kupanga foleni ya ugali.

Nikapata B. Kwa miaka minne hivi nilijua kwamba Vuta N'kuvute nimeimaliza.

Sasa mwaka huu, muhula uliopita, kuna jioni waliionesha ile filamu yake ukumbini, ya Amil Shivji, iliyotoka 2021 ikaanzia tamasha la Toronto, kisha Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, ya pili tu kupelekwa na nchi hii baada ya Maangamizi. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na feni na chumbani kwetu hakuna. Sikutegemea kitu. Hadithi naijua: Zanzibar ya miaka ya hamsini, Mwingereza yupo, Yasmin, binti wa Kihindi, kaozwa kwa Raza mwenye umri wa baba yake, kamkimbia, kakutana na Denge mpinga ukoloni, mapenzi na siasa vikasokotana. Hoja tatu, mifano miwili kila hoja.

Basi nimekaa pale, kila mtu anawatazama Yasmin na Denge, mimi macho yananiganda kwa Mwajuma. Anaigiza Siti Amina, ambaye taarabu ni kazi yake kweli, labda ndiyo maana mwili wake umetulia kwenye skrini kuliko wa wengine wote. Nikawa najiuliza: huyu dada anapata nini hapa? Yasmin kawakimbia wa kwake, na wa kwake hawamtaki tena, kawatia aibu. Na Mwajuma hana kitu. Si mke wa mtu mwenye nacho, si ndugu, si kabila lake, na katika Unguja ile mipaka ya nani anakula na nani ilikuwa haichezewi. Lakini ndiye aliyemwambia ingia. Denge mwenyewe, mpenzi tunayemwandikia insha, hakai: leo polisi wanamsaka, kesho yuko ndani, kesho kutwa hajulikani alipo. Aliyekuwepo kila usiku ni Mwajuma.

Niliporudi chumbani nikakitafuta kitabu chenyewe, kile cha Adam Shafi cha 1999, safari hii nikakisoma kama mtu. Wakuu, mle ndani mna vichekesho! Miaka miwili ya HKL hakuna aliyeniambia kwamba Vuta N'kuvute inachekesha.

Hapo ndipo likanijia jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa.

Nikiwa darasa la tano, Morogoro, Kihonda, usiku mmoja mlango uligongwa. Mama akafungua. Alikuwa mama wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hana kiatu, kanga imechanika begani, mdomo umevimba. Mama hakuuliza kitu. Alimwambia "pita", akanigeukia mimi: "Wewe toka kitandani." Nikahamishiwa sebuleni, kwenye mkeka, katikati ya matenga ya nyanya ya genge la mama. Nikalala hapo wiki tatu. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyanya zilizoiva kupita kiasi, narudi kwenye ule mkeka na ile hasira. Nilimchukia yule mama. Nilimchukia na mama yangu pia, kwa sababu mtaani watoto wenzangu walianza kuniambia, "Mama yako anavunja ndoa za watu." Walikuwa wanarudia ya wazazi wao, nadhani.

Wiki ya nne mumewe alikuja na wazee wawili, yakaongelewa, mama yule akarudi kwake. Tangu siku hiyo hakununua tena gengeni kwetu. Alikuwa anapita upande wa pili wa barabara, kichwa kaelekeza kule.

Kwa hiyo nina nadharia yangu, na ndiyo sababu ya uzi. Tumezoeshwa kwamba hadithi ya mahusiano ni ya wawili wanaopendana na yule anayewaingilia. Mimi nasema katika kazi zetu nzuri, mtafuteni aliyefungua mlango usiku. Hapo ndipo mwandishi kaficha kitu chake. Angalia riwaya ya Takadini, ambayo wengi tuliisoma O-level: Sekai kazaa mtoto zeruzeru, mila zinataka mtoto afe, anambeba mgongoni na kutoroka usiku. Mumewe Makwati tunamkumbuka? Kidogo sana. Tunamkumbuka mzee Chivero aliyempokea ugenini na mtoto ambaye kila mtu alikuwa anamwogopa.

Mna mifano mingine? Au mnaona nadharia inavuja? Leteni.

Dereva wa Usiku

Wa kwanza. Nimeweka kambi hapa, nimekuja na karanga.

Kipanga Mla Vitabu

Mkuu umeandika vizuri ila umesahau upande wa pili wa mlango. Mfano upo vitabu hivyo hivyo vya O-level: tamthiliya ya Ngoswe. Yule kijana katumwa na serikali kuhesabu watu kijijini, mzee Mitomingi balozi wa nyumba kumi kampokea kwa heshima zote, chakula, mahali pa kulala. Shukrani yake ikawa nini? Kaondoka na Mazoea, binti wa mzee! Mzee akachoma moto karatasi za sensa zote. Taifa zima likakosa takwimu kwa sababu ya mlango uliofunguliwa.

Kwa hiyo fungua, lakini kwanza uliza kama mgeni amekuja na kalamu.

Dereva wa Usiku

😂😂😂 Semzaba aliyeiandika alituonea wanaume bana. Lile jina la kitabu lenyewe ni hukumu: penzi kitovu cha uzembe.

Mama Wawili

Mwanangu Mtoro, nimekusoma mpaka mwisho na nimeguswa, hasa hapo kwenye matenga ya nyanya. Lakini nataka kukupinga, uniwie radhi.

Unampa Mwajuma sifa zote, sawa anastahili. Ila ukiendelea hivyo tutafika mahali tunahadithia wema wa waliopokea, na tunamsahau aliyesababisha mtu akimbie usiku bila kiatu. Kitabu kilichonifanya mimi niwe msomaji ni Rosa Mistika cha Kezilahabi, 1971. Wa umri wangu watakumbuka kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na ndiyo maana tulikisoma wote, kwa kupokezana chini ya madeski. Tulitafuta ukurasa wa mambo yale, wacha niseme ukweli. Nilipokirudia nikiwa na watoto wangu ndipo nilipoona kinasema nini.

Zakaria kamfungia binti yake. Barua moja ya mvulana, kipigo ambacho kijiji kizima pale Ukerewe kilikisikia. Rosa hakufundishwa chochote kuhusu mwanamume isipokuwa kwamba ni hatari. Kisha akapelekwa bweni, akawa kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Mnajua yaliyofuata. Na mwisho aliyemkataa kwa kuwa si bikira ni nani? Charles. Charles yule yule wa barua! Aliyemsababishia kipigo cha kwanza ndiye aliyempa pigo la mwisho, na katikati yote mawili hakuna hata mtu mzima mmoja aliyekaa naye kitako akamwuliza, "Rosa mwanangu, una nini?" Mama yake Regina alimpenda, lakini alikuwa anamwogopa Zakaria kuliko alivyompenda Rosa. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Si kwamba hakuwa na upendo. Alikuwa nao, ila haukuwa na sauti mle ndani.

Sasa nadharia yako ya mlango utaiweka wapi kwenye kitabu ambacho hakuna hata mmoja uliofunguliwa?

Mtoro wa HKL

Shikamoo Mama Wawili. Umenikalisha chini. Sina jibu la haraka. Ninachoweza kusema ni kwamba labda ndiyo sababu Rosa Mistika inatisha vile, msomaji muda wote anasubiri mtu afungue na hafungui mtu. Lakini hapo kwenye Regina umeniongezea kitu. Mimi nilikuwa nadhani anayefungua mlango ni mwenye moyo mwema. Kumbe moyo mwema Regina alikuwa nao.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimefundisha fasihi miaka 31 na ninaona tunasemwa hapa. Naomba nami nisikike.

Hayo mafungu ya "nafasi ya mwanamke" tulikuwa hatuyapendi kuliko ninyi. Lakini ingia darasani lenye wanafunzi 90, nakala za kitabu sita, mbili hazina jalada na moja haina mwisho, na mtihani wa taifa unauliza "kwa kutumia riwaya mbili thibitisha kauli hii". Utafundisha harufu ya nyanya? Utafundisha hoja. Mtoto wa mkulima aondoke na alama, mengine atayakuta mbele ya safari, kama wewe ulivyoyakuta. Na B yako, bwana mdogo, ilitokana na mafungu hayo.

Hayo tuyaache. Nataka kusema jambo kuhusu Orodha, tamthiliya ya Steve Reynolds, ambayo nimeifundisha hadi nikaijua kwa moyo. Furaha anakufa kwa ukimwi na ameacha barua yenye orodha. Wanaume wa kijiji, wakiwemo wenye heshima zao, wanahaha, kila mmoja anadhani jina lake limo. Mnaona ujanja wake? Uhusiano wa binti yule na kila mmoja wao ulikuwa siri, na orodha ambayo hakuna aliyeisoma ndiyo iliyowavua nguo. Inaposomwa, hakuna jina la mtu. Kuna mambo ambayo laiti angeyapata asingekufa, upendo, ukweli, uwazi, mambo ya namna hiyo. Kila mwaka, nikifika hapo, darasa lilikuwa linanyamaza. Hata wale wa dawati la nyuma. Kwa hiyo msiseme hatukufundisha chochote.

Mtoro wa HKL

Mwalimu shikamoo, na samahani kama nilikwaza. Sikuwa nawalaumu walimu. Wa kwangu alikuwa anatembea na Mfadhili yake mwenyewe kwapani kwa sababu shule ilikuwa na nakala moja. Nikikumbuka vizuri, aliwahi kusema kuhusu Gaddi Bullah, mhusika wake mkuu, kwamba mwanamume aliyeumizwa na mwanamke mmoja huwaadhibu kumi. Sisi tukauliza, "Mwalimu, hiyo ni dhamira au ujumbe?" Akatutazama tu.

Wa Kitale

Hamjambo nyote. Mimi ni wa upande wa Kenya, vitabu vyetu teule vilikuwa vingine lakini baadhi tunashiriki. Nimesoma hoja ya mlango nikakumbuka Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Nyumba ya Maksuudi nayo ni gereza kama ya Zakaria: Maimuna hatoki, haoni, hajui. Baba ni mheshimiwa ndani, na nje ni mla watu. Halafu mlango ukafunguliwa kweli, Maimuna akatoroshwa, na aliyempokea ni Bi Farashuu, ambaye ana kisasi chake na Maksuudi. Hakumpokea binti, aliipokea silaha. Maimuna akaishia kwenye vilabu vya pombe.

Kwa hivyo namuunga mkono Kipanga kutoka upande wa pili. Yeye anasema jihadhari na mgeni, mimi nasema jihadhari na mwenyeji. Yule anayekwambia "ingia mwanangu" saa nne za usiku anaweza kuwa Mwajuma, anaweza kuwa Farashuu, na kwa wakati ule, ukiwa unatetemeka kizingitini, huwezi kuwatofautisha. Sauti ni ile ile.

Kwenye filamu, itazameni Supa Modo ya 2018, ya Likarion Wainaina. Jo ni mtoto wa miaka tisa, ugonjwa wake hauponi. Mama amemtoa hospitalini amlete nyumbani, anataka apumzike, akae ndani salama. Dadake, Mwix, anaona kwamba huko kulindwa kunamwua kabla ya siku yake. Anamtoa nje, anamfanya aamini ana nguvu za ajabu, mwishowe kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu yake ya shujaa. Mabishano ya mama na Mwix ndiyo yaliyonikaa. Wote wawili wanampenda mtoto mmoja, na kila mmoja akimwona mwenzake ndiye anayemtesa. Hakuna mbaya pale. Nilitazama na babangu, akajifanya anatafuta miwani yake kwa dakika kumi.

Dereva wa Usiku

Baba zetu na miwani 😂 Wangu huwa ni moshi wa jiko umemwingia machoni. Jiko la gesi.

Shosti wa Kweli

Mimi nimekuja na hasira nyingine kabisa. Bongo movie! Mmeona rafiki wa kike anavyochorwa? Kila shosti ni mnafiki. Akija kukutembelea, ujue anakuja kumwangalia mumeo. Akikuletea juisi, ujue ina kitu. Nimekua nikitazama hizo na mama mdogo kila Jumapili, mpaka nilipofika chuo nikawa siwezi kumwamini msichana yeyote. Mwenzangu wa chumbani mwaka wa kwanza alikuwa ananiamsha kwa mitihani, ananiachia chakula, na mimi moyoni nasema huyu anataka nini. Alikuwa hataki kitu. Aliacha chuo kwa ada na sikumuaga vizuri.

Ndiyo maana niliposoma uzi huu nimesimama hapo kwa Mwajuma. Adam Shafi ni mwanamume, tena mzee wa siasa na vyama vya wafanyakazi, lakini urafiki wa wanawake wawili kauona kuliko hao wanaotuandikia filamu kila wiki. Mwajuma na Yasmin wanagombana, wanataniana, wanaazimana nguo, mmoja akikosa mwenzake anakosa. Hakuna sumu kwenye juisi.

Kipanga Mla Vitabu

Shosti umesema kweli, lakini tuwatendee haki watu wa filamu kidogo. Ile ni biashara ya haraka: siku chache za kupiga picha, nyumba moja ya kukodi, waigizaji sita. Urafiki wa kweli unachukua muda kuonyesha, unafiki unaonyeshwa kwa jicho moja la pembeni na muziki wa kutisha.

Na za jirani tulizozitazama wakati wa kanda za video? Neria! Ya Zimbabwe, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wimbo wa Mtukudzi. Kila nyumba yenye televisheni mtaani kwetu ilijaa. Mume kafa, shemeji Phineas anachukua gari, anachukua kitabu cha benki, anachukua vyombo, na yote kwa jina la mila. Nakumbuka akina mama walivyokuwa wanamtukana Phineas kama vile anasikia. Na nakumbuka akina baba wawili waliotoka nje kimya kimya.

Mama Wawili

Neria ilinifanya nimwambie marehemu mume wangu tuandikishe kiwanja kwa majina mawili. Alicheka, akasema, "Umeangalia filamu." Nikamwambia ndiyo. Tukaandikisha. Miaka saba baadaye nilimshukuru Mungu na nikamshukuru na yule mwigizaji.

Wa Kitale

Pole Mama.

Shosti wa Kweli

Pole sana mama. Hapo hata mimi nimeondoka na kitu.

Fundi Mitambo

Samahanini, mimi si msomaji. Nimeletwa na kichwa cha habari. Nauliza tu, huyu mwenye uzi alishamwuliza mama yake kuhusu huo usiku? Maana naona amechambua vitabu sita na mama yupo.

Dereva wa Usiku

Fundi umepiga nyundo kwenye kidole.

Mtoro wa HKL

Fundi, sikuwa nimemwuliza. Umeniaibisha, lakini asante.

Nimekaa kimya siku nne kwa sababu nilikwenda nyumbani. Nimeazima laptopu ya mwenzangu yenye ile filamu, nikamwambia mama tuangalie wote. Mama si mtu wa filamu. Alikuja na ungo wa mchele, akawa anachambua huku anaangalia. Kila baada ya dakika tano, "Huyu ni nani?" Namjibu. "Na huyu?" Namjibu.

Ilipofika kwa Mwajuma na Yasmin nikamwuliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Mama unakumbuka yule mama jirani aliyelala kwetu?" Akasema anamkumbuka. Nikamwuliza kwa nini alimpokea, wakati alijua mtaa mzima utamsema na mume wa yule mama alikuwa mtu wa fujo.

Mama akanitazama kama nimeuliza kwa nini mvua inalowesha. "Sasa ningemwacha alale wapi?"

Basi. Hiyo tu. Mimi nimekuja na Chivero na Mwajuma na Farashuu, nimejiandaa kwa hotuba, yeye anaondoa vijiwe kwenye mchele.

Nikamwuliza tena, hukuumia alipoacha kukusalimia? Hapo alinyamaza kidogo. Akasema, "Kila akiniona mimi alikuwa anauona ule usiku. Hata mimi ningekuwa yeye ningepita upande wa pili." Miaka yote mimi nilikuwa nimehesabu kwamba yule mama hana shukrani. Sikuwahi kufikiri kwamba uso wa mama yangu, kwa yule mwanamke, ulikuwa ndio ushahidi.

Mama Wawili, ile ya Regina na sauti nilimsimulia pia, bila kutaja kitabu. Akasema, "Mimi nilikuwa sina mume wa kumwogopa." Ni kweli, baba alikuwa ameshaondoka mwaka mmoja kabla. Hilo nalo sikuwahi kuliunganisha. Ule mlango ulifunguka kwa sababu hakukuwa na mtu ndani wa kusema usifungue.

Mama Wawili

Mpe mama shikamoo yangu. Mwambie kuna mwenzake Dodoma.

Mwalimu Mstaafu

Bwana mdogo, ungeniandikia haya kwenye mtihani ningekupa sifuri, kwa kuwa hukujibu swali. Kisha ningekiiba kijitabu chako nikaenda nacho nyumbani.

Kipanga Mla Vitabu

Mwalimu kafurahi, hajui tu aseme vipi.

Mtoro, na filamu mlimaliza?

Mtoro wa HKL

Hatukumaliza. Umeme ulikatika, betri ya laptopu ni ya kubahatisha, ikazima Yasmin na Denge wakiwa katikati ya maneno. Mama akawasha taa ya simu akaendelea na mchele wake. Baadaye sana, nikidhani ameshasahau, akaniuliza, "Na yule mwenye nyumba, yule mwimbaji, yeye akaishia wapi?"

Nikafungua mdomo nimwambie, nikakuta najua ya Yasmin yote, najua ya Denge yote. Nikamwambia asubiri, nitaenda kuangalia kwenye kitabu.

Shosti wa Kweli

Ukishaangalia niazime hicho kitabu. Changu mwenzangu wa mwaka wa kwanza aliondoka nacho, na safari hii simdai.